Siku Bodi Mpya Ilipopiga Hodi

Nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba nimekuwa mjumbe wa bodi, nilikuwa uani napepeta mchele, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Mratibu wa shirika aliongea kwa furaha kana kwamba analeta habari ya posa. Bodi ya zamani imemaliza muda wake, akasema, wanaingia wajumbe wapya, na safari hii wafadhili wametaka awemo mtu aliyewahi kuumizwa na wahalifu, ili sauti ya waathirika isikike. Sauti yenyewe ndiyo mimi. Nilimwuliza kama nitatakiwa kuvaa fulana. Akacheka, akidhani namtania.

Shirika hilo nalijua vizuri kuliko nilivyopenda kulijua. Ofisi yake ni nyumba ya kupanga pale Mkomaindo, Masasi, yenye kibaraza cha saruji iliyopasuka na benchi ambalo nimelikalia mpaka nikajua upande gani lina msumari. Kazi yao ni kusimama na watu waliotendewa uhalifu: aliyeporwa akakatwa, aliyevunjiwa nyumba, aliyefiwa kwa mkono wa mtu. Wanakusindikiza polisi na hospitali, wanakueleza mambo ya mahakama yanavyokwenda, na kama kwako hapalaliki wanakutafutia pa kulala. Mume wangu alikuwa mwalimu hapa kwetu Newala. Aliuawa na wezi msimu mmoja wa korosho, mlangoni pa ghala lake mwenyewe, na mimi ndiye niliyewaona wakitoka. Watu wa shirika walinishika mkono tangu siku ile hadi siku ya hukumu. Siwezi kusema hawakunifaa. Walinifaa sana, na ndiyo maana yaliyokuja baadaye yaliniuma kuliko ambavyo yangeniuma kama yangetendwa na mtu baki.

Tulikuwa wajumbe wapya watatu. Wa kwanza alikuwa mzee mstaafu, aliyekuwa katibu tarafa huku na huku kwa karibu maisha yake yote ya kazi. Mtu msafi, suti ya kaunda imenyooka, anaongea taratibu na anakusubiri umalize kabla hajakukatalia. Wa pili alikuwa mama wa kanisani, kutoka moja ya zile familia za Masasi ambazo mababu zao walibatizwa na wamisionari wenyewe, na ambazo hazikuachi ukasahau jambo hilo. Wa tatu ndiyo mimi, mjane wa mwalimu. Mstaafu alichaguliwa kuwa mwenyekiti siku ileile ya kwanza tulipokutana. Hakuna aliyefikiria mtu mwingine, na nikisema kweli, hata mimi nilinyoosha mkono.

Tulifanyiwa semina elekezi. Fulana zilikuwepo, tena zangu mbili. Kila mjumbe aliombwa ajitambulishe kwa ufupi. Mstaafu akataja tarafa alizozitumikia, mama wa kanisani akataja ukoo wake, na ilipofika zamu yangu mratibu akasema kwamba mimi ningetoa ushuhuda. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kabla. Nikasimama, nikaeleza jinsi mume wangu alivyouawa, mbele ya watu waliokuwa wameshika soda. Mama wa kanisani alilia, akanipa kitambaa chake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama damu ilikuwa nyingi. Nikamwambia ilikuwa ya kutosha. Baadaye tukala pilau.

Sasa nimzungumzie binti mmoja, maana habari hii ni yake.

Binti huyo alikuwa anauza chai na vitumbua karibu na stendi ya Masasi. Alikuwa mtu mzima wa kujitegemea, mama yake alikwisha kufa, akiishi chumba cha kupanga. Alfajiri moja akiwa njiani na ndoo yake ya unga wa vitumbua uliokwisha kuumuka, vijana wawili walimvamia. Aling'ang'ania kipochi chake, na mmoja akamkata panga shavuni na kwenye mkono wa kulia. Mmoja wao binti hakumjua. Huyo aliyemkata alimjua, maana alikuwa mnywaji chai wake, kijana wa familia inayoheshimika mtaani. Alikamatwa akawekwa mahabusu, kwa kuwa kesi ya kupora kwa silaha haina dhamana.

Ndugu wa kijana wakaanza kumfuata binti, kwanza hospitali, kisha chumbani kwake. Hawakumtishia. Mama yake kijana alikuja na chupa ya uji, shangazi akaja na machungwa, jirani akaja na maneno. Wote walikuwa na ombi moja: yaishe. Binti alikuwa akiwaambia kwamba yeye anataka kwenda mahakamani, nao walikuwa wakimjibu kwamba wanamwelewa, halafu kesho yake wanarudi. Mratibu aliona kwamba akikaa pale atachoka, na shahidi akichoka kesi imekwisha. Akaniuliza mimi, hata kabla sijaingia kwenye hiyo bodi, kama najua mahali pa kumficha.

Nilikuwa napo. Mama yangu mdogo anaishi katika kijiji kimoja kule upande wa Mnyambe, peke yake, na mikorosho yake na kuku wake. Tulimpeleka binti huko mchana wa jua kali, watu wako mashambani. Waliojua ni mratibu, dereva na mimi. Kijijini tulisema ni mjukuu wa upande wa Masasi, ameanguka na pikipiki, amekuja kupumzika. Watu walikubali mara moja. Bodaboda wanaangusha watu kila siku, nani atashangaa?

Nikawa naenda kumwangalia kila nipatapo nafasi. Alikuwa mtoto mwepesi wa kazi, mkono mmoja umefungwa na bado anataka kumenya ming'oko, vile viazi vya porini. Jioni alikuwa akinikariria atakachosema. Kwamba alimwona usoni, kwamba amevaa jezi, kwamba alimwita kwa jina lake na yule kijana akashtuka. "Nitasema ni yeye," aliniambia. "Nitamwangalia na nitasema ni yeye." Mimi nilikuwa nimemsimulia siku yangu ya mahakamani, jinsi nilivyonyoosha kidole kwa wale walioniulia mume. Kuna jambo moja tu alilotaka kulijua. Aliniuliza kama, baada ya kusema, nililala. Nikamwambia nililala mpaka jua likanikuta kitandani, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hilo lilimfurahisha kuliko yote niliyomwambia. Yeye alikuwa halali. Alitaka kusema ili alale, basi.

Kikao cha kwanza cha bodi mpya kilikuwa na agenda nyingi, lakini iliyochangamkiwa ni ya kutembelea walengwa. Mama wa kanisani alisema haiwezekani tukawasaidia watu ambao hatujawatia machoni. Mstaafu alisema kiongozi asiyetembelea watu wake ni picha ya ukutani. Mratibu, aliyekuwa anataka bodi mpya impende, akasema yupo binti mmoja upande wa Newala, anaendelea vizuri sana, na tukimtembelea tutatiwa moyo.

"Huyo amefichwa," nikasema.

Mstaafu alinisubiri kama kawaida yake, aone kama nina la kuongeza. "Amefichwa asionwe na watu wabaya, mama," akasema. "Sisi ni bodi."

Wote wakaona amesema vyema. Nilibisha mpaka mama wa kanisani akaanza kunitazama kama mtu anayebania kitu chake. Mwisho nikaona kama ni lazima, basi iwe kwa masharti. Gari moja, hakuna fulana, tunakwenda moja kwa moja uani kwa mama mdogo kama ndugu wanavyokwenda, mimi natangulia kushuka. Mratibu akasema sawa kabisa. Mama wa kanisani akasema hiyo ni hekima. Niliwaamini, kwa sababu hawakuwa watu waongo, na mpaka leo sisemi kwamba ni waongo.

Siku ya safari walinichukua Newala wakitokea Masasi. Walikuwa wamevaa fulana. Mstaafu alikuwa ameivaa yake juu ya shati la mikono mirefu, na kola imetokeza. Nyuma ya gari kulikuwa na sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na jozi ya khanga mpya. Nikauliza kuhusu fulana, mratibu akasema wafadhili wanapenda picha zionyeshe. Nikaingia garini na kitenge changu. Njia nzima mstaafu alitusimulia jinsi zamani alivyokuwa akipokea wakubwa kwenye tarafa zake, nani alikosea kukaa wapi, na nani alikasirika. Alikuwa msimuliaji mzuri. Hata mimi nilicheka mahali fulani, na kicheko hicho kinaniudhi hadi leo.

Tulipokaribia kijiji, dereva alipinda kuelekea kwa mama mdogo. Mstaafu akamgusa begani. "Ofisi ya kijiji iko wapi?"

Nikamkumbusha tulichokubaliana. Akageuka kunitazama, na usoni kwake hapakuwa na kiburi hata kidogo. Alinihurumia, kama mtu anayemwona mwenzake anataka kutoka nje bila viatu.

"Mama, tutaingiaje kijiji cha watu bila kupiga hodi? Sisi si wezi."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Kwamba hakuwa akitafuta sifa ni kweli tupu. Ndivyo tulivyolelewa sote, mimi na yeye na dereva. Mgeni hupita ofisini, husalimia, hujieleza ametoka wapi na anakwenda kwa nani, ndipo apewe njia. Gari geni likiingia kijijini bila kupita pale, watu huulizana wiki nzima. Mstaafu alikuwa ameishi katika utaratibu huo maisha yake yote, na katika maisha yake yote wale walioingia kimyakimya walikuwa watu wenye nia mbaya. Hakuweza kabisa kufikiria jambo jema linaloingia kimyakimya. Ningemweleza mpaka jua likatua, asingenielewa.

Nilisema niende ofisini peke yangu, wao wabaki garini. Akasema itakuwa ni kumdharau mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia dereva asisimame. Dereva alikuwa mmoja wa sisi tuliokuwa tunajua, alinitazama kwenye kioo, akasimama. Mwenyekiti wa bodi amesema, yeye angefanyaje? Watu huniambia nisimlaumu. Mimi namlaumu.

Ofisini tulimkuta mwenyekiti wa kijiji, na kwenye kibaraza walikaa watu wengi wakisubiri habari za salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Mstaafu aliwasalimia wote, mkono kwa mkono, bila kumruka mtu. Kisha akasimama katikati, akavuta fulana yake ikakaa vizuri, akatutambulisha mmoja mmoja kwa cheo. Aliponitambulisha mimi watu walishangaa, maana mimi ni mtoto wa palepale, wananijua tangu nachezea majivu. Halafu akaeleza tulichofuata, kwa sababu salamu isiyosema mtu amefuata nini haijakamilika.

"Tumekuja kumjulia hali binti yetu aliyekatwa panga kule Masasi," akasema, "ambaye ninyi mmempokea na kumtunza. Bodi inawashukuru sana."

Wale watu hawakuwa wanajua kwamba wamempokea mtu yeyote. Niliwaona wakilipokea jambo hilo, wakiligeuzageuza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, si kwa ubaya, "Kumbe si pikipiki."

Mwenyekiti wa kijiji alisema ni heshima kubwa, na kwamba atatusindikiza mwenyewe. Na wale wa kwenye kibaraza wakainuka pia, kwani nani angebaki kusubiri salfa? Tukaenda kwa miguu, gari likitufuata polepole nyuma na mizigo. Watoto wakaongezeka njiani, na wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha mchi wakatufuata. Tulipofika kwa mama mdogo tulikuwa kundi zima.

Mama mdogo alisimama mlangoni. Aliwatazama wazee waliotangulia, akalitazama lile kundi, akaniona mimi katikati yao. Hakunisalimia. Akaniuliza kwa Kimakonde nani amekufa.

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikauliza binti yuko wapi. Akasema ameenda kuchota maji, akaonyesha kwa kidevu upande ambao hauna maji, na nikaelewa. Nikamkuta nyuma ya nyumba, ndani kwenye mikorosho, amechuchumaa juu ya majani makavu, khanga ameivuta kichwani. Alikuwa amesikia gari na watu wengi, akajua ni ndugu wa yule kijana.

"Ni sisi," nikamwambia.

"Ninyi nani?"

"Bodi."

"Bodi ndiyo nini?"

Nilianza kumweleza, nikashindwa. Nikasema ni wakubwa wa shirika, wamekuja kumsalimia, wamesafiri mbali. Akasimama, akajikung'uta majani, akanifuata. Alikuja kwa sababu nilimwomba mimi.

Alipiga magoti mbele ya kila mmoja wao, shikamoo, shikamoo, na kila mmoja akaitika. Mstaafu akatoa hotuba fupi juu ya ushujaa. Mama wa kanisani akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga ili alione kovu vizuri, macho yakamjaa machozi, na hapo hapo akaomba tusali. Alisali vizuri sana. Alimwombea binti, akaiombea familia, akamwombea na yule aliyemkata, na kijiji kizima, Wakristo kwa Waislamu, kikaitika amina. Kisha binti akapewa ile sukari aishike, bodi ikajipanga pande zake mbili, mratibu akapiga picha. Aliambiwa atabasamu. Shavu lilikuwa bado linamvuta, kwa hiyo alijaribu upande mmoja.

Kurudi, garini kulikuwa na furaha. Mstaafu alisema ni muda mrefu hajapokelewa kwa heshima namna ile. Mratibu alikuwa anaangalia nje.

"Mmewaonyesha nyumba," nikasema.

"Wale ni wanakijiji, mama," mstaafu akanijibu kwa upole. "Si wahalifu."

Alisema kweli. Hapakuwa na mhalifu hata mmoja pale. Walikuwa wakulima wenye simu, na kila mmoja ana ndugu Masasi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama mdogo. Ndugu wa kijana walifika kijijini asubuhi ya siku chache baadaye, nao wakapita ofisini. Wakapiga hodi, wakasalimia, wakajieleza, na mwenyekiti wa kijiji akawasindikiza mpaka mlangoni, kama alivyotusindikiza sisi. Angewakataliaje? Tena hawakuja wenyewe tu. Walikuwa wamemtafuta mjomba wake binti, kaka wa marehemu mama yake, wakaja naye. Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akishasema, wengine wanabaki kuitika. Mjomba huyo hakufika hospitali hata siku moja. Siku hiyo alifika, amevaa koti.

Wakaketi mkekani. Hakuna aliyepandisha sauti. Mama wa kijana alilia, akasema mwanawe akifungwa ni yeye ndiye anayezikwa. Wakamwambia binti ashukuru Mungu kwamba yuko hai, na kwamba atapata shida kuolewa akijulikana kuwa ni mtu wa kufunga watu. Binti akasema anataka kwenda mahakamani. Mjomba wake akamwambia, "Nimeshawaambia hawa yameisha. Utanivua nguo mbele ya watu?" Mama mdogo alichukua mchi wa kinu akataka kuwafukuza. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemzuia. Alimwambia mtu hafukuzi wageni waliopiga hodi.

Walimchukua siku hiyohiyo, akakae kwa mjomba wake Masasi. Nilikwenda huko kumwona. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa kiti na maji ya kunywa, na wakati wote niliokaa mke wa mjomba hakutoka chumbani. Binti aliongea nami habari za mvua.

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma. Nilikuwa nimejiambia kwamba akifika pale, akamwona yule kijana kwa macho yake, yale maneno aliyoyakariri kwa mama mdogo yatamjia. Wakili wa serikali akamwuliza kama alimwona aliyemkata. Mjomba alikuwa amekaa mstari wa mbele, koti lilelile. Binti akatazama chini.

"Kulikuwa na giza," akasema. "Sikumwona vizuri."

Wakili akamwuliza tena kwa namna nyingine, akajibu hivyohivyo, kwa sauti ileile. Hakimu angefanya nini? Bila yeye hapakuwa na kesi ya mtu kujibu, na kijana akaachiwa. Mama yake alimkumbatia binti pale nje kabla hajamkumbatia mwanawe. Binti alisimama tu, mikono imening'inia.

Kwenye kikao kilichofuata, picha ilikuwa imekwisha kubandikwa ukutani pale Mkomaindo, binti na sukari yake. Mstaafu alisema ziara ya kwanza ilifanikiwa. Mama wa kanisani akasema amesikia pande mbili zimepatana, na kwamba hayo ni matunda ya maombi. Nikawaambia kilichotokea, tangu kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji hadi mahakamani. Niliwaambia kwamba ndugu wa kijana walishindwa kumpata binti miezi yote ile, na sisi tumewapeleka mpaka mlangoni kwa shukrani na hotuba. Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Mstaafu alinisubiri nimalize. Akasema anaelewa uchungu wangu, ukizingatia na yaliyonikuta mimi mwenyewe, na kwamba siku nyingine nipitishe hoja kwa mwenyekiti. Kisha wakapanga ziara ya Nanyumbu.

Watu huniuliza kwa nini sijajitoa. Nikijitoa wataniandalia mkono wa kwaheri, watanipa khanga, na watatafuta sauti nyingine ya waathirika iliyo pole kuliko hii. Kwa hiyo nipo. Kila wanapotaja ziara nasema hapana, na inaandikwa kwamba mjumbe mmoja hakuafiki.

Binti alirudi kwenye biashara yake karibu na stendi. Nilikaa muda mrefu bila kwenda. Nilikuwa na hasira naye pia, nisidanganye. Nilikuwa nikimuuliza kichwani, usiku na mchana, ulishindwa nini, neno moja tu, nyumba nzima ya mahakama imekaa kimya inakusubiri wewe. Mwishowe, asubuhi moja nikiwa na shughuli Masasi, nilikwenda kwa nia ya kumwuliza swali hilo uso kwa uso.

Alinikaribisha. Mkono wa kulia haufungi vizuri, kwa hiyo chai anamimina kwa kushoto. Nilimwuliza kama siku hizi analala, akasema anajitahidi. Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo kuuliza lile lililonileta, akaja mteja. Kijana, shati limepigwa pasi, nywele zimekatwa vizuri. Nilimjua kabla hajafika. Nilikuwa nimemtazama kisogoni mahakamani asubuhi nzima.

Aliponiona mtu mzima aliinama kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kabla sijafikiri.

Akamgeukia binti, akamwuliza habari ya asubuhi, na binti akamjibu nzuri. Alitaka vitumbua vya kubeba. Binti akamfungia kwenye gazeti, akampa, kijana akashukuru na kwenda zake upande wa stendi. Mimi nilikuwa nimebaki na kikombe mkononi, sina swali tena.

Binti akafunika sufuria, akanitazama.

"Umeona, mama?" akasema. "Neno linatoka lenyewe."